Sainasi inayotokana na jino na matatizo ya kung'oa magego ya juu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale waliohangaika kwa miezi na pua inayotoa usaha upande mmoja, wakameza dawa baada ya dawa bila kupona. Wa pili ni wale waliong'olewa gego la juu, kisha wakashtuka kuona maji ya kunywa yakitokea puani. Majibu yanaeleza mambo yalivyo kwa kawaida. Uamuzi kuhusu mgonjwa mmoja mmoja hubaki kwa daktari aliyemtazama kinywa chake na kuziona picha zake.

Jino na pua vinahusianaje?

Ndani ya mfupa wa uso, nyuma ya kila shavu, kuna uwazi uliojaa hewa unaoitwa sainasi ya taya la juu; neno hilo hilo, sainasi, hutumika pia kwa ugonjwa wa uwazi huo. Ndiyo sainasi kubwa kuliko zote zinazoizunguka pua, na kwa mtu mzima ujazo wake ni takriban mililita 15, yaani kiasi cha vijiko vitatu vya chai. Sakafu ya uwazi huo ndiyo hiyo hiyo dari ya magego ya juu. Kwa baadhi ya watu mfupa unaotenganisha mzizi na sainasi ni mnene wa kutosha. Kwa wengine ni mwembamba kama karatasi. Na wapo ambao ncha za mizizi yao zimechomoza ndani ya sainasi zikiwa zimefunikwa na utando peke yake. Nathaniel Highmore, daktari wa Uingereza, aliueleza uwazi huu kwa kina mwaka 1651, na hadi leo baadhi ya madaktari huuita kwa jina lake. Tangu wakati huo ujirani wa jino na sainasi umekuwa ukijulikana, ingawa katika matibabu ya kila siku bado husahaulika kwa urahisi wa kushangaza.

Kuna jambo jingine la maumbile linalofaa kueleweka mapema, kwa sababu linaeleza mengi yanayofuata. Mlango wa sainasi hii wa kutolea uchafu hauko chini, uko juu, karibu na dari yake, nao hufungukia ndani ya pua. Uteute hausukumwi na uzito wake. Hupandishwa na vijinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vilivyo juu ya utando wa sainasi. Utando ukivimba, vijinywele hivyo hushindwa kazi, mlango huziba, na kilichomo hubaki kikioza.

Ni meno gani hasa yanayohusika?

Ni magego ya juu, hasa la kwanza na la pili, na jino linaloyatangulia. Gego la mwisho huhusika pia, lakini chonge na meno ya mbele ni mara chache sana. Meno ya chini hayana ujirani wowote na sainasi, kwa hiyo gego la chini lililooza halielezi usaha unaotoka puani.

Nitajuaje kwamba sainasi yangu imetokana na jino na si mafua ya kawaida?

Dalili yenye uzito kuliko zote ni kuwa tatizo liko upande mmoja. Sainasi inayofuata mafua mara nyingi hugusa pande zote mbili na kwa wengi huanza kupungua ndani ya siku 7 hadi 10. Ile ya jino hukaa upande wake, kushoto au kulia, na haiondoki. Dalili ya pili ni harufu: mgonjwa husikia uvundo ndani ya pua yake mwenyewe, au ladha mbaya inayoshuka nyuma ya koo, hasa anapoamka. Uvundo huo husababishwa na bakteria wa kinywani wanaostawi pasipo na oksijeni, ambao si wale wanaoonekana zaidi katika sainasi ya mafua. Huongezeka uzito ndani ya shavu, pua kuziba upande huo huo, na makamasi mazito ya njano au ya kijani.

Kwa muda mrefu vitabu vilitaja kwamba asilimia 10 hadi 12 tu ya maambukizi ya sainasi hii hutokana na meno. Baada ya picha za kisasa za tabaka, kama CT, kuenea, zipo tafiti zilizotaja kiasi kinachofikia asilimia 40 ya yale yaliyo sugu. Kwa hiyo ninavyoona, mtu mzima mwenye sainasi sugu ya upande mmoja inayonuka anapaswa kuchunguzwa meno kabla ya kupewa jina la mgonjwa wa mzio.

Lakini jino langu haliumi hata kidogo. Linawezaje kuwa chanzo?

Swali hili ndilo linalowapotosha wengi, wakiwemo watabibu. Jino huuma sana wakati kiini chake chenye mishipa kinapovimba. Kiini kikishafa, maumivu hutulia, na mgonjwa hufikiri kuwa amepona, kumbe bakteria wamehamia kwenye ncha ya mzizi na wanaula mfupa taratibu. Jino la chini likifikia hatua hiyo, usaha hujikusanya mahali pembamba, shinikizo hupanda na uvimbe huonekana. Jino la juu lililo jirani na sainasi lina njia rahisi zaidi: usaha hupenya na kumwagikia juu, ndani ya uwazi mpana, bila shinikizo na bila maumivu. Jino linaweza hata kuwa limezibwa vizuri, au limewekewa kofia ya kupendeza, huku mzizi wake ukiwa umeoza. Ugonjwa mkubwa wa fizi, ule unaokula mfupa unaoshikilia meno, nao hupita njia hiyo hiyo.

Je, inawezekana kinyume chake, sainasi ikafanya meno yaume?

Ndiyo, na hutokea mara nyingi. Mishipa ya fahamu ya magego ya juu hupita katika kuta za sainasi, kwa hiyo sainasi ikivimba, meno kadhaa ya upande huo huuma kwa pamoja, na maumivu huzidi mtu anapoinama, anaporuka au anaposhuka ngazi kwa haraka. Jino bovu kwa kawaida hujitambulisha peke yake: ni moja, linaitikia baridi, moto au kugongwa. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu wapo waliong'olewa meno mazima kutokana na maumivu yaliyokuwa ya mafua tu. Kama meno matatu au manne yanauma kwa pamoja katikati ya mafua, usikubali haraka yoyote ya kung'oa.

Kwa nini antibiotiki hunipa nafuu kwa wiki mbili, kisha ugonjwa unarudi?

Kwa sababu chanzo kimebaki mahali pake. Dawa husafiri katika damu, na ndani ya mzizi uliokufa hakuna tena damu inayopita. Antibiotiki hupunguza bakteria waliomo ndani ya sainasi, dalili hutulia, kisha ghala la bakteria lililo ndani ya jino huanza kumwaga upya. Madaktari wengi huchagua amoksisilini iliyochanganywa na klavulaneti kwa sababu huwafikia bakteria wengi wa kinywani, na mwenye mzio wa penisilini hupewa dawa nyingine. Dawa hizo zina nafasi yake, hasa pale penye homa, uvimbe wa uso au usaha mwingi. Hata hivyo, kurudia dozi ya nne au ya tano bila mtu yeyote kuyapiga picha meno ni kupoteza muda, na ni kuwazoesha bakteria dawa.

Nimeng'olewa gego la juu na sasa maji yanatokea puani. Kumetokea nini?

Sakafu ya sainasi imetoboka, na sasa kuna njia kati ya kinywa na sainasi. Mara nyingi hili si kosa la uzembe. Mizizi iliyoachana kama miguu ya kigoda, jino lililosimama peke yake kwa miaka mingi baada ya majirani zake kung'oka, mfupa uliokwisha kuliwa na usaha, au sainasi iliyoshuka chini kati ya mizizi, vyote huongeza uwezekano wa sakafu kuondoka pamoja na jino. Wakati mwingine daktari huona kipande cha mfupa kimeganda kwenye mizizi na kujua palepale.

Mgonjwa hutambua kwa dalili za ajabu kidogo: hewa hupita kwenye shimo la jino anapopumua, povu au viputo huonekana ndani ya shimo, sauti hubadilika kama ya mtu anayesemea puani, na kinywaji hutokea puani upande huo. Wengine hutokwa na damu kidogo puani siku ya kwanza. Ukiona lolote kati ya hayo, mpigie au mrudie daktari aliyekung'oa siku hiyo hiyo au kesho yake, usisubiri miadi ya wiki ijayo. Saa za mwanzo zina thamani kubwa, kama jibu la swali linalofuata linavyoonyesha.

Je, tundu hilo litaziba lenyewe?

Inategemea ukubwa wake na kama sainasi ilikuwa safi. Tundu dogo, la milimita 2 au pungufu, kwa kawaida huziba lenyewe iwapo bonge la damu litabaki ndani ya shimo na masharti yatafuatwa. La kati, la milimita 3 hadi 6 hivi, mara nyingi huhitaji kushonwa juu ya shimo, pengine pamoja na kuwekewa kitu cha kulishikilia bonge la damu. Lililo kubwa zaidi linahitaji kufunikwa kwa upasuaji.

Tatizo la kuchelewa ni hili: baada ya siku mbili au tatu hivi, ngozi laini ya kinywa huanza kuota kuelekea ndani ya tundu, na ikishaunganika na utando wa sainasi, tundu hugeuka kuwa mrija wa kudumu unaoitwa fistula. Mrija uliokwisha kuvikwa ngozi hauna tena sababu ya kujifunga. Wakati huo huo chakula na mate huingia sainasi, maambukizi huanza, na maambukizi nayo huzuia tundu kupona. Ndipo kazi ambayo ingekuwa nyuzi mbili za kushona inapogeuka kuwa matibabu ya miezi.

Ninaweza kujipima nyumbani kwa kubana pua na kupuliza?

Tafadhali usifanye hivyo. Kipimo hicho hata madaktari hukifanya kwa uangalifu, kwa sababu utando ambao ulikuwa mzima, umebaki bila mfupa chini yake, unaweza kupasuka kwa nguvu ya pumzi, na hapo utakuwa umelitengeneza tundu ulilokuwa unalitafuta. Usichokonoe shimo kwa ulimi, kidole wala kijiti.

Baada ya sakafu ya sainasi kuguswa, nizingatie nini?

Masharti yote yana lengo moja, nalo ni kuzuia shinikizo kati ya kinywa na pua hadi shimo lijifunge, na kwa kawaida hudumu siku 10 hadi 14. Usipenge kamasi, zifute tu zinapotoka. Chafya isizuiwe, bali ipigwe kinywa kikiwa wazi ili nguvu yake itokee huko. Usinywe kwa mrija, usipulize filimbi, tarumbeta wala puto, usinyanyue mizigo mizito, na usiogelee kwa kuzama. Uvutaji wa sigara una madhara maradufu, kwa kuwa kuvuta kwenyewe hunyonya bonge la damu na moshi wenyewe huchelewesha kidonda kupona. Lala kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo. Baada ya saa 24 unaweza kusukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ukiyaacha yatiririke nje badala ya kuyatema kwa nguvu.

Daktari anaweza kukuandikia dawa ya matone ya kuzibua pua. Itumie kwa siku chache alizokutajia tu, kwa sababu ikitumika muda mrefu, pua huizoea na kuziba zaidi pale inapoachwa.

Siku ya tatu baada ya kung'oa nina maumivu makali mno. Je, ni sainasi?

Huenda ni shimo kavu, yaani bonge la damu limetoka au limeyeyuka mapema na mfupa umebaki wazi. Maumivu yake huanza kati ya siku ya 2 na ya 5, ni makali, huelekea sikioni, na kinywa hunuka. Hutokea zaidi katika taya la chini. Hutibiwa kwa kuosha shimo na kuweka dawa ya kutuliza, na si kwa antibiotiki. Sainasi iliyoambukizwa baada ya kung'oa huja kwa namna tofauti: maumivu yake ni ya kugandamiza shavuni, na huambatana na pua kuziba na usaha.

Nimeambiwa kipande cha mzizi kimeingia ndani ya sainasi. Kinaweza kuachwa?

Kwa kawaida hutolewa. Mzizi uliokatika wakati wa kung'oa ukisukumwa juu, huingia sainasi na kuwa kama mwiba uliobaki mguuni, hasa ukiwa na maambukizi. Kwanza picha hupigwa ili kujua uko wapi, kwa maana wakati mwingine uko chini ya utando na haujaingia ndani kabisa. Kipande kidogo sana kisicho na maambukizi, kilichonaswa chini ya utando, daktari anaweza kuamua kukiangalia tu. Daktari aliyekwambia ukweli huu siku ile ile amekutendea haki. Tatizo kubwa huwa kwa wale wanaogundua baada ya miaka, kwenye picha iliyopigwa kwa sababu nyingine.

Ni vipimo gani vinavyohitajika?

Daktari wa meno huanza kwa kuyagonga meno, kuyapima kwa baridi ili kujua kama viini vyake viko hai, na kupima mifuko ya fizi. Eksirei ndogo ya jino huonyesha mengi, lakini kwa magego ya juu huficha mengi pia, kwa kuwa mizizi, mfupa wa shavu na sainasi hulaliana katika picha moja bapa. Picha ya tabaka, ama ile ya mashine ya meno ama CT ya sainasi, ndiyo inayoonyesha wazi kama mfupa ulio juu ya mzizi umeliwa na utando umenenepa mahali hapo hapo. Ukishapigwa CT kwa ajili ya pua, omba kwa adabu kwamba ncha za mizizi ya meno nazo zisomwe, kwa sababu taarifa nyingi za picha za sainasi hazitaji meno hata kidogo, ingawa yanaonekana kwenye kona ya chini.

Nianze kwa daktari wa meno au kwa daktari wa pua, masikio na koo?

Popote utakapoanzia, hakikisha wote wawili wanahusika. Daktari wa pua peke yake anaweza kusafisha sainasi ambayo jino litaichafua tena. Daktari wa meno peke yake anaweza kulitibu jino huku mlango wa sainasi ukiwa umeziba kiasi cha kutojisafisha. Mara nyingi jino hutibiwa kwanza, kisha sainasi hupewa wiki kadhaa itulie yenyewe. Usaha ukiwa mwingi au dalili zikiwa nzito, mpangilio hubadilika na sainasi husafishwa mapema.

Ni lazima jino ling'olewe?

Hapana. Jino lenye mizizi imara linaweza kutibiwa kwa kusafisha na kujaza mifereji ya mizizi, na sainasi ikapona. Jino lililopasuka mzizi, lililolegea kwa ugonjwa wa fizi, au ambalo matibabu ya mzizi yamekwisha kushindwa mara kadhaa, hung'olewa. Ikumbukwe pia kwamba matibabu ya mzizi yenyewe huweza kuleta tatizo pale dawa ya kujazia inapopenya na kuingia sainasi. Baadhi ya dawa hizo zenye zinki zimehusishwa na donge la fangasi ndani ya sainasi. Vipandikizi vya meno vilivyoingia sainasi bila kushika mfupa vizuri ni chanzo kingine kilichoongezeka kadiri vipandikizi vinavyoongezeka.

Upasuaji wa kuziba fistula na kusafisha sainasi hufanywaje?

Kanuni ya kwanza ni kwamba sainasi yenye usaha haifunikwi. Huoshwa na kutibiwa kwanza, kwa maana ukiliziba tundu juu ya usaha, mshono utafumuka. Kisha ngozi iliyoota ndani ya mrija hukatwa na tundu hufunikwa. Njia moja, iliyoelezwa na daktari wa upasuaji Rehrmann mwaka 1936, huvuta kipande cha ufizi kutoka upande wa shavu na kukishona juu ya tundu. Kasoro yake ni kupunguza kina cha nafasi kati ya shavu na ufizi, jambo linalosumbua mtu wa meno ya bandia. Nyingine hugeuza kipande cha ngozi ya kaakaa. Ya tatu, ambayo daktari wa upasuaji Egyedi aliieleza mwaka 1977, hutumia pedi ya mafuta iliyo ndani ya shavu, nayo hufaa matundu makubwa kwa sababu ina damu nyingi.

Kuhusu sainasi yenyewe, kwa miongo mingi ilifunguliwa kwa kukata mfupa juu ya fizi, njia iliyoelezwa na George Caldwell wa Marekani mwaka 1893 na Henri Luc wa Ufaransa mwaka 1897. Bado hutumika pale kitu kikubwa kinapohitaji kutolewa, lakini siku hizi wengi hufanyiwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani, ambayo hupanua mlango wa asili wa sainasi na kuacha maumivu na ganzi ya shavu kidogo zaidi.

Watoto nao hupata?

Ni nadra. Sainasi ya mtoto mchanga ni ndogo sana, na huendelea kukua na kushuka kuelekea mizizi hadi magego ya kudumu yanapokamilika kuota.

Ni wakati gani nisisubiri hata siku moja?

Nenda hospitali mara moja ukiona uvimbe au wekundu kuzunguka jicho, jicho kutokeza nje, kuona vitu viwili viwili au kupungua kuona, homa kali pamoja na kichwa kinachouma kupita kawaida, shingo kukakamaa, au kuchanganyikiwa. Maambukizi ya sainasi huweza, ingawa si mara nyingi, kufika kwenye tundu la jicho au kwenye ubongo.

Zipo pia dalili za taratibu ambazo hazina homa: shavu kufa ganzi, makamasi yenye damu mara kwa mara upande mmoja, meno mazima kulegea bila sababu, au shimo la jino ambalo wiki zinapita halifungi na nyama inaota ndani yake. Hizo zinahitaji kipande kidogo cha nyama kichukuliwe na kupimwa maabara, kwa sababu saratani ya sainasi hujificha nyuma ya sura ya sainasi ya kawaida. Mwenye kutumia dawa za kuimarisha mifupa za kundi la bisfosfoneti ataje hilo kabla ya jino lolote kung'olewa, kwani mfupa wake unaweza kukataa kupona.

Ninaweza kupanda ndege baada ya tundu kushonwa?

Ahirisha kwa muda wa masharti, takriban wiki mbili, na upate ruhusa ya aliyekushona. Ndege inapopanda na kushuka, hewa iliyo ndani ya sainasi hutanuka na kusinyaa, na mshono mpya ndio unaobeba tofauti hiyo. Kama safari haiwezi kuahirishwa, mwambie daktari kabla ya kung'oa. Gego lisilo na dharura linaweza kusubiri mpaka urudi.